Nafasi ya Mtu wa Tano

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kusema hivyo. Wako watu wanaosimulia ukimbizi kana kwamba walitoka Burundi kwa ushujaa, wakaishi kambini kwa ushujaa, wakapanda ndege kwa ushujaa. Mimi kila hatua nilitetemeka. Na siku niliyoogopa kuliko zote haikuwa ya bunduki wala ya njaa. Ilikuwa Jumanne moja ya mwaka 2015, hapa Buffalo, Marekani, mtaa wa Riverside. Nilikuwa nimetoka kazini, viatu vya ghala bado viko miguuni, nikakuta bahasha kubwa nyeupe kwenye sanduku la barua.

Binti yangu aliisoma jikoni, amesimama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na barua zote za nyumba hii alizisoma yeye, za umeme, za shule, za daktari, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuombea radhi na cha mume wangu ni cha kuendeshea mashine. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua kijitabu kilichokuwa ndani, akasema kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wa huku, kwamba ni watu wa sensa, si ile kubwa ya kila miaka kumi bali ile ya kila mwaka inayochagua nyumba chache. Wanataka kujua tunaishi wangapi humu ndani na nani ni nani kwa nani.

"Ni lazima?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiswahili, kwa vile aliniona nimebadilika. "Wameandika ni sheria, mama."

Nikakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Mdogo wake, mwanangu wa miaka tisa, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, kichwa.

Ili mtu aelewe jinsi sensa inavyoweza kumkausha mate mtu mzima, lazima nimweleze kuhesabiwa kwa kambini. Nilikulia Tanzania, kambi ya upande wa Kigoma. Kule hukuhesabiwa ili ujulikane, ulihesabiwa ili upunguzwe. Kunapambazuka tu, polisi wamezunguka, kambi nzima inaingizwa kwenye ua wa miti, na unapotokea upande wa pili kidole chako kinachovywa kwenye wino. Asiyekuwepo alifutwa kwenye kadi, na aliyefutwa kwenye kadi hakupimiwa unga. Hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Kwa hiyo watu walikuwa na mbinu zao. Mwenye mtoto aliyetoka kwenda kulima vibarua kwa wenyeji aliazima mtoto wa jirani. Aliyekuwa mgonjwa aliwakabidhi watoto wake kwa ndugu, wahesabiwe kwa ndugu huyo, wasije wakafutwa pamoja naye. Jambo hilo tuliliita kuazimana, na hatukuona kwamba ni dhambi. Mchungaji wetu mwenyewe aliazima wawili.

Dada yangu alinizidi miaka minne. Siku ya kuhesabiwa alikuwa amelazwa katika zahanati ya kambi, homa imempanda hata kukaa hawezi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa mwaka mmoja na nusu. Baba wa mtoto alikuwa amerudi Burundi kabla hajazaliwa, na habari zake hatukuzisikia tena. Dada akaniambia, "Mbebe wewe. Sema ni wako. Nikipona tutakwenda ofisini kurekebisha."

Nikambeba mgongoni. Karani wa kuhesabu akauliza kama huyu ni wangu, nikasema ni wangu, akaandika. Kidole changu kikaingia kwenye wino, na cha mtoto nacho kikaingia.

Dada hakupona. Alikufa juma lile lile, na kwa kuwa alikwisha kufutwa kwenye kadi, hata kifo chake hakikuandikwa popote. Ningerekebisha nini mimi? Kwenda kusema nilidanganya ni kuomba nifutwe, mimi na mume wangu na mtoto mwenyewe. Nikanyamaza. Miaka ikapita, tukaitwa kwenye mahojiano ya kuja Marekani, chumba hiki na kile, na kila chumba waliuliza watoto mliowazaa ni wangapi. Wawili, tulisema mimi na mume wangu. Maofisa walimtazama msichana, wakanitazama mimi, wakaridhika, maana tulifanana. Amefanana na dada yangu, na mimi na dada tulifanana tangu utoto.

Mtoto hakujua. Hilo ndilo lililonikalisha kwenye kiti siku ile. Kijitabu kilitaka kila mtoto wa nyumba awekewe alama: wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo, au ndugu mwingine. Aliyenisomea maneno hayo ni yeye, anakula ndizi, na tayari ameshika kalamu.

"Acha," nikamwambia. "Baba yako atajaza."

Nikaitia fomu kwenye droo ya vijiko. Nikiandika uongo, nilijiambia, ni uongo kwa serikali mara nyingine tena, na safari hii sheria imetajwa. Nikiandika kweli, watafungua faili letu la kambini, wataona haviafikiani, watamchukua. Wampeleke wapi sikujua. Niliona tu mlango, na yeye anatoka na begi lake la shule. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri hii tuliijua watatu tu: mimi, mume wangu, na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ambaye alipoletwa Marekani alipelekwa Louisville, mji wa jimbo jingine. Kila mmoja wetu alikuwa amejifunza kutomtaja dada. Sikumtaja hata kwenye sala za pamoja.

Ikaja fomu ya pili. Nayo droo. Kisha simu, ambayo sikuipokea. Kisha mwanamke mmoja mwenye koti la bluu na kitambulisho shingoni alianza kupita mtaani kwetu akibisha milango, na alipobisha wetu nikawaashiria watoto wanyamaze, tukakaa chini ya kiwango cha dirisha mpaka akaondoka. Mwanangu alidhani ni mchezo.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa mzee wa Kizungu, mjane, aliyezaliwa katika nyumba ile ile. Babu zake walitoka Polandi kuja kufanya kazi viwandani kando ya mto. Huyo ndiye aliyenifundisha historia ya mji huu, nitake nisitake, maana kila nilipotoka kutupa taka alikuwa barazani na binti yangu alilazimika kunitafsiria. Nyumba ile ya kijani, watoto tisa. Ile ya kona, Wahangari, baba alikuwa na kinanda cha kodiani. Pale penye nyasi tupu palikuwa na nyumba, ikaungua, ikabomolewa. Zamani, saa ya kubadilishana shifti, watu walijaa barabarani hata ukikaa barazani huoni ng'ambo. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Waliokuwa na akiba wakahamia Kenmore, kitongoji cha jirani, waliokuwa na zaidi wakaenda kusini kwenye joto, na mji ukabaki chini ya nusu ya ulivyokuwa yeye alipokuwa kijana. Watoto wake mwenyewe wako Kenmore, dakika kumi kwa gari, na anawaona Krismasi.

"Halafu mkaja ninyi," alisema siku moja. Akahesabu kwa vidole: Waburma, Wasomali, Wakongo, na sisi, ambao alituita Wakongo vilevile. Sikujua kama analalamika au anashukuru, na uso wake haukunisaidia.

Basi alasiri moja, nikiwa nyuma ya pazia, nikamwona yule mwanamke wa koti la bluu amesimama kwenye baraza la mzee. Wanaongea. Mzee akanyoosha mkono kuelekea kwetu, kisha akainua vidole vinne.

Nilivijua vidole hivyo. Kambini, siku chache kabla ya kuhesabiwa, wako watu waliopita wakichungulia vibanda na kupeleka habari ofisini, fulani ana wangapi, fulani kaazima. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Nikaamua hapo hapo.

Mtu mwingine yeyote wa mji huu angefungua mlango, akajibu maswali, akarudi kupika. Mimi nilifanya nilichofundishwa na kambi: mwenye kasoro kwenye kadi unamwondoa mpaka wahesabuji wapite. Nilimwambia mume wangu nampeleka binti kwa mama mkubwa, Louisville, akae huko. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Hapa hakuna ua wa miti. Ukimtoa mtoto shuleni ndipo watakapokuja kweli." Nikamjibu kwamba yeye hajui. Nilikuwa mkali, na ukali wangu wote ulikuwa hofu, naye alilijua hilo, ndiyo maana hakubishana.

Nikamwacha mwanangu na baba yake. Binti nikamwambia tunakwenda kusalimia ndugu. Tukapanda basi la asubuhi. Nilikuwa nimebeba zile fomu mbili mkobani, kwa sababu niliogopa kuziacha nyumbani na niliogopa kuzichoma.

Njiani tulipumzika mji wa Columbus, kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye alitutangulia Marekani akiwa kijana, akasoma sana, na wakati huo alikuwa chuo kikuu anaendelea na digrii ya juu, amepanga chumba karibu na chuo pamoja na wanafunzi wengine wa Kiafrika. Shemeji yangu ni mtu wa utani. Alitufungulia mlango akasema, "Shemeji, umekuja kunihesabu?" Mume wangu alikuwa amempigia simu kumwambia nakimbia sensa. Kwa nini naikimbia hakumwambia. Siku dada anakufa, shemeji alikuwa mtoto, na hakuwahi kujua.

Akatupikia wali na maharage, akatusomesha. Alisema majibu ya sensa ni siri kwa sheria, hayapelekwi uhamiaji, wala polisi, wala kwa mwenye nyumba. Akafungua kompyuta akatuonyesha ramani ya Buffalo, mitaa iliyopoteza watu imekolezwa rangi, na rangi ilikuwa imetanda. Sehemu chache tu zilikuwa zimeanza kuongezeka tena, na mojawapo ilikuwa upande wetu, kando ya mto. "Huo mji unawatafuta watu kwa tochi," akasema. "Wewe unajificha, na wao wanaomba Mungu upatikane. Hesabu ikishuka wanafunga shule, wanapunguza mabasi. Leta hiyo fomu tuimalize sasa hivi."

Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa amenichekesha, na kwa dakika mbili nilisahau. Nikatoa fomu moja. Akaandika jina langu kama Mtu wa Kwanza, kwa kuwa mkataba wa nyumba uko kwa jina langu. Mume wangu, Mtu wa Pili. Akafika kwa binti, ambaye alikuwa amekaa karibu naye anatazama.

"Hili ndilo rahisi kuliko yote," shemeji akasema. "Wa kuzaa." Akashusha penseli.

Nikamnyang'anya. Sikupanga kufanya hivyo, mkono ulikwenda wenyewe. Penseli ilikatika, ikaacha mstari mrefu ukurasani. Shemeji akaniangalia, na utani wote ukamtoka usoni. Akaisukuma fomu kwangu polepole, akasema basi, labda nimechoka na safari. Binti alikuwa ananitazama mkono.

Ndani ya basi la kwenda Louisville, baada ya kupita mto mkubwa unaotenganisha majimbo, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, kwa nini ulinyang'anya ile penseli?"

Nikamwambia alale. Hakulala, wala mimi sikulala.

Mama mkubwa alikuwa na chumba na jiko katika jengo la ghorofa lililojaa Waburundi na Wakongo. Asubuhi alikuwa anaosha wazee katika nyumba ya wazee, jioni alikuwa mzee mwenyewe. Alikuwa hajamwona binti tangu akiwa na miaka sita. Tulipoingia, alinyanyuka kwenye kochi, akamshika mtoto mashavu kwa mikono yote miwili, akamwita kwa jina la dada yangu.

Nilidhani ameteleza ulimi. Akaliita tena. Kisha akaanza kulia, akamkalisha mtoto kando yake.

"Huyo ni nani?" binti akauliza.

Mama mkubwa akanitazama mimi. "Hujamwambia," akasema. "Miaka yote hii hujamwambia. Nikiangalia uso huu nitamwita nani mwingine?"

"Mama mkubwa, nakuomba."

"Unaogopa watamchukua. Mwenye kumchukua ni nani? Mama yake wewe umemchukua tayari. Kambini walimfuta mara moja. Wewe unamfuta kila siku. Mwambie, au nitamwambia mimi kabla sahani hazijaoshwa."

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hata ninapoyaandika. Nilimchukia mama mkubwa wakati ule. Tulikuwa na sombe, kisamvu cha kwetu, jikoni na ugali wa moto, na hakuna aliyekula. Nikamwambia binti yangu habari yote, kuanzia zahanati hadi wino, nimeinamia meza, kwa sababu sikuweza kumtazama. Nilikuwa nikisubiri anyanyuke aende mlangoni. Nilikwisha kuuona mlango ule mara nyingi sana.

Hakunyanyuka. Aliuliza kama ipo picha ya mama yake. Nikamwambia haipo, hatukuwahi kuwa nayo. Akauliza amezikwa wapi. Nikamwambia nyuma ya kambi, na kambi ilifungwa, sidhani kama pangetambulika. Akaenda kujilaza kwenye kochi, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Kesho yake mume wangu akapiga simu. Shule imepiga mara tatu. Mtoto akikosekana siku nyingi bila taarifa ya daktari wanatuma mtu nyumbani kuuliza usalama wake. Nilisikia maneno hayo nikakaa chini sakafuni kwa mama mkubwa. Nilikuwa nimekimbia wahesabuji wasiochukua mtu, nikajiitia wale wanaochukua. Hakuna aliyenifanyia hivyo, ni mimi mwenyewe na akili yangu ya kambini.

Tukarudi siku hiyo hiyo. Safari nzima binti aliangalia nje. Mashamba, maghala, miji yenye mabomba ya viwanda visivyotoa moshi. Tulibadilisha basi Columbus na shemeji alikuja kituoni kutupa sambusa, akazitoa bila utani wowote. Niliogopa kila alichoweza kusema binti na nikaogopa zaidi kwamba hasemi. Nilijiuliza akifika shuleni ataulizwa alikuwa wapi, na atajibu nini, na kwa nini asijibu kweli. Sikuwa na haki tena ya kumwambia anyamaze.

Shuleni mume wangu alikwenda naye. Aliwaambia kulikuwa na mambo ya familia, na ilikuwa kweli, wakaandika, yakaisha. Aliporudi alinieleza hivyo huku anavua kofia. Nilimwuliza mara nne kama ni kweli yameisha.

Jumamosi, saa tano asubuhi, mlango ukabishwa. Mwanamke wa koti la bluu. Nyuma yake, barazani kwake, mzee jirani alikuwa anatupungia mkono, na nilielewa kwamba ndiye aliyemwambia tumerudi. Nikatazama ngazi, nikatazama mlango wa nyuma. Binti akanipita akafungua.

Alikuwa mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, miguu imemchosha, na aliomba kukaa kabla ya yote. Alisema maneno marefu kuhusu siri na sheria. Binti akayatafsiri moja baada ya jingine bila kunitazama. Kisha maswali. Jina la Mtu wa Kwanza. Umri wake. Mtu wa Pili. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake uko kwenye bega langu, na nilihisi uzito wake wote.

Mtu wa Tatu. Binti akataja jina lake, siku yake ya kuzaliwa. Yule mama akauliza kitu, kalamu iko juu ya kikompyuta chake cha mkononi. Binti akanigeukia.

"Anauliza mimi ni nani kwako," akasema kwa Kiswahili. "Kama ulinizaa, au vipi. Nimwambie nini?"

Ingekuwa rahisi kwake kusema mwenyewe. Alijua Kiingereza, alijua jibu, alijua yote mawili. Aliniachia mimi. Niliona faili, niliona mlango na begi la shule. Niliona pia kwamba nikisema nilimzaa, nasema hivyo mbele yake, naye ndiye atakayeutamka uongo huo kwa Kiingereza, na dada yangu atafutwa kwa mdomo wa mwanawe.

"Mwambie ni mtoto wa dada yangu," nikasema.

Akamwambia. Yule mama akagusa kioo chake kwa kalamu. Kisha akauliza swali jingine, na binti akasikiliza, na akanitafsiria kwa sauti ile ile.

"Anauliza tuna vyumba vingapi."

Vyumba. Nilijibu vyumba. Nilijibu bafu na jiko na kama tunapasha moto nyumba kwa gesi, tunakwenda kazini kwa usafiri gani, tunatoka saa ngapi. Alipoondoka alitushukuru, akasema mtaa huu watu wengi hawamfungulii. Nilikaa dirishani mpaka giza nikisubiri gari jingine. Nilisubiri majuma mengi. Hata sasa mlango wa gari ukifungwa nje kwa nguvu nanyanyuka kwanza, ndipo nafikiri.

Alasiri ile ile, nikiwa bado dirishani, binti alifungua mkoba wangu akatoa fomu ya pili, ile ambayo haikuguswa. Akakaa mezani na kalamu. Nikamwambia yule mama ameshamaliza, haihitajiki tena.

"Najua," akasema.

Alijaza Mtu wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, wa Nne, haraka, bila kuuliza. Akafunua ukurasa. Nafasi ya Mtu wa Tano ilikuwa tupu. Akaandika jina la dada yangu, na ilinibidi nimsaidie herufi, kwa maana hakuwahi kuliona limeandikwa. Hakuna aliyewahi.

"Alizaliwa wapi?"

Nikamtajia mkoa, Burundi, karibu na mto.

"Alisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita. Alikuwa anashika namba za juu kuliko mimi."

"Alikuwa anaongea lugha gani nyumbani?"

"Kirundi. Kiswahili akigombana."

Akacheka kidogo, akaandika. Akauliza alikuwa anakwenda kazini kwa usafiri gani, nikasema kwa miguu, alikuwa anakata kuni mbali. Akauliza alikuwa anachukua dakika ngapi, na nikaanza kuhesabu kweli, kutoka kibanda chetu, kupita bombani, hadi porini, na nikamwona anakwenda, kanga yake imefungwa kiunoni, anaimba vibaya. Sikuwa nimemwona kwa miaka. Mume wangu alitoka nje akajifanya anazoa majani.

Mwisho akarudi juu ya ukurasa, kwenye swali alilokuwa ameliruka.

"Ana uhusiano gani na Mtu wa Kwanza?"

Mtu wa Kwanza ni mimi. "Dada," nikasema. Akaweka alama.

Nikamwambia aikunje airudishe kwenye droo, na asije akathubutu kuitia posta, maana huo sasa ni uongo mkubwa kuliko wote, marehemu kuishi Riverside. Akasema sawa, mama. Kesho yake nilifungua droo kutafuta kijiko. Fomu haikuwemo, na bahasha yake ya kurudishia haikuwemo.

Sikumuuliza siku ile, na mpaka leo sijamuuliza. Yeye ni mtu mzima sasa na bado ananiita mama. Labda aliitunza kwenye vitu vyake, mahali picha ingekaa. Labda aliiposti. Mzee jirani, kabla hajafa, aliniambia amesoma gazetini kwamba mji umeacha kupungua, na alinitazama kana kwamba ni mimi nimefanya. Nikaitikia kwa kichwa, nikaingia ndani, nikafunga mlango, moyo unanienda mbio, nawaza kwamba huenda katika hesabu ile na dada yangu yumo.